Kona ya Mwalimu: Nani anaongoza joto la tanuru?



Juma hili tunajibu swali. Kikundi kimoja cha wamama wanaokausha samaki kimeweka pesa kidogo kidogo ndani ya sanduku lao. Mwenzao mmoja aliyekwenda Goma aliona kabati la chuma la kukausha kwa umeme, lenye kisanduku ubavuni chenye namba nyekundu. Akaambiwa namba hiyo ndiyo joto la ndani, na kwamba ukiandika 80, kabati linabaki kwenye 80 mpaka asubuhi bila mtu kuligusa. Wakatuuliza: “Mwalimu, pesa zetu tununue hicho kisanduku? Na mtu akiwa na kabati la umeme la kawaida, kinaweza kuongezwa?”

Ndiyo, kinaweza kuongezwa, na tutaeleza namna. Lakini kama zile pesa zingekuwa mikononi mwetu, hatungeanza na kisanduku. Tungeanza na kipimajoto cha kawaida. Tuwaeleze sababu.

Kila mama wa ziwani anaijua hasara hii. Umechukua tilapia kwa deni kwenye mtumbwi, umewapasua, umewaosha, umewapanga juu ya wavu. Gari linaondoka asubuhi, kwa hiyo unawasha moto mkali usiku kucha ili mambo yaishe haraka. Asubuhi samaki wana rangi nzuri ya kahawia, ngozi inalia ukiigonga. Unapakia. Siku ya tatu mnunuzi anamvunja mmoja, ndani nyama ni laini, nyeupe, na harufu imeanza. Anakurudishia mzigo. Deni la mtumbwi linakungoja nyumbani. Hapo wengine watasema samaki alikuwa amelala, wengine watasema ni jicho la jirani. Mara nyingi kosa ni la moto: ulikuwa mkali mno, tena mapema mno.

Fikirini bugali. Ukitupa unga mwingi kwa mara moja ndani ya maji yanayochemka, unapata madonge. Nje ya donge pameiva na kufanya ganda, na lile ganda linazuia maji yasiingie, kwa hiyo ndani unabaki unga mkavu. Kwa samaki ni hivyo hivyo, ila kinyume. Moto mkali wa mwanzo unaivisha nje na kufanya ganda, na ganda linazuia maji yasitoke. Unapeleka Goma samaki aliyefungiwa maji yake ndani.

Kwa hiyo samaki anahitaji joto la ngazi tatu. Kwanza joto dogo, nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi pale samaki walipo, kwa saa moja au mbili, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Hapo ngozi inakauka bila kuiva. Halafu panda mpaka 80 au 90 ili nyama iive. Muongozo wa serikali ya Marekani juu ya usalama wa samaki unataka katikati ya nyama, pale penye unene, pafike nyuzi 63 na kubaki hapo dakika 30. Angalieni vizuri: ni 63 ndani ya samaki, si ndani ya tanuru. Tanuru linaweza kuonyesha 85 na katikati ya bagrus mnene bado ni 45, na hilo ni joto ambalo vijidudu wanalipenda. Ndiyo sababu hatua ya kwanza haitakiwi kurefushwa nusu siku, hata kama unaona kuni zinadumu. Mwisho, samaki akisha kuiva, shusha hadi 60 au 70 na umwache akauke kwa saa nyingi, kulingana na unene wake na safari unayomtayarishia.

Safari ndiyo inayoamua. Wenye daftari wachukue daftari, kuna hesabu fupi.

Samaki mbichi ni maji karibu robo tatu. Katika kilo 10 za samaki aliyeondolewa matumbo, tuseme kilo 7 na nusu ni maji, na kilo 2 na nusu ndiyo samaki mwenyewe. Bakteria wanashindwa kuendelea maji yakiteremka chini ya asilimia 25 hivi, na ukungu unashindwa chini ya 15. Ili ufike kwenye 25, zile kilo 10 lazima zishuke mpaka kilo 3 na robo au tatu na theluthi. Kwa 15, karibu kilo 3. Ukimtoa akiwa kilo 5, nusu ya uzito wake bado ni maji. Ni mtamu, ni laini, mpike na sombe leo au kesho, lakini usimpandishe Kabasha kuelekea Butembo. Tunajua kwamba anayeuza kwa kilo hapendi kusikia hivi, maana maji nayo yana uzito na mnunuzi anayalipa. Ila barabara zetu hazina ahadi. Gari la siku moja linakuwa la siku nne, na samaki wa kilo 5 hajui kungoja. Wapime wachache kabla ya kuwaingiza, uwafunge uzi kama alama, kisha uwapime tena kabla ya kuwatoa. Mizani itakuambia kile ambacho rangi ya ngozi haikuambii.

Turudi kwenye joto. Wamama wetu wanapima kwa mkono: unauweka juu ya wavu, unahesabu, ukishindwa kufika tano moto ni mwingi. Hatuucheki mkono huo, umelisha familia nyingi. Lakini mkono uliozoea moto kwa miaka 20 si sawa na mkono wa binti anayeanza, na saa nane za usiku hata mkono wa mkubwa unachoka.

Kipimajoto cha kufaa ni kile cha chuma chenye uso wa saa na mshale, na msumari mrefu unaoingia ndani, kinachofika nyuzi 200 au zaidi. Kile cha kituo cha afya kinaishia 42, tafadhali mkiache kwa ajili ya watoto. Toboa tundu ubavuni mwa tanuru, usawa wa wavu wa samaki, si karibu na ndimi za moto wala karibu na mlango. Kama una nyavu nyingi, fanya tundu mbili, chini na juu, na utashangaa tofauti yake.

Kabla ya kukiamini, kijaribu ndani ya maji yanayochemka. Hapa kuna jambo ambalo tunalifundisha darasani na watoto hawaamini: kwetu maji hayachemki kwenye 100. Ziwa Edouard liko mita 912 hivi juu ya bahari, na kwa mwinuko huo maji yanachemka karibu na 97. Goma, ambako ni juu zaidi, ni kama 95. Kwa hiyo kipimajoto kikionyesha 97 Vitshumbi ndani ya sufuria inayotokota, ni kizima. Kikionyesha 90, kina upungufu wa 7, na si lazima kukitupa: andika namba hiyo ukutani na uiongeze kila unaposoma.

Sasa tuingie kwenye kile kisanduku cha namba nyekundu. Mafundi wa umeme wanakiita regulateri.

Kabati la umeme la kawaida lina rezistansi chini, ule waya mzito unaokuwa mwekundu, na kitufe cha kuzungusha chenye termostati. Termostati inajua maneno mawili tu: washa, zima. Joto likiwa chini ya 80 inawasha kwa nguvu zote. Likifika 80 inazima, lakini rezistansi bado ni nyekundu, kwa hiyo joto linaendelea kupanda mpaka 90 na zaidi. Kisha linashuka, na termostati inachelewa tena upande wa pili. Usiku mzima kabati linapanda na kushuka hivyo.

Regulateri inafanya kama kijana wa chukudu. Mmekwisha kumwona akishuka kutoka Kibumba na magunia ya makala. Hangoji kufika kwenye kona ndipo afunge breki, angekuwa amekwisha kaburini. Anaangalia mambo matatu kwa pamoja: kona iko mbali gani, anakwenda kwa mbio gani, na tangu aanze kushuka mzigo wa leo umekuwa ukimsukuma zaidi ya alivyofikiri au la. Regulateri nayo inajiuliza hayo kila wakati. Kutoka hapa mpaka 80 ni nyuzi ngapi? Joto linapanda haraka au polepole? Na je, kwa muda mrefu tumekuwa chini kidogo ya 80 bila kufika, labda sababu leo samaki ni wengi na wamelowa? Kwa majibu hayo inatoa umeme kwa vipimo: nguvu zote mwanzoni, nusu inapokaribia, kidogo tu inapofika. Mafundi wanaita njia hiyo PID, herufi tatu kwa maswali matatu. Ikitengenezwa vizuri, joto linacheza nyuzi moja au mbili tu.

Kukiongeza kwenye kabati ni kazi ya fundi wa umeme, lakini ni vizuri mama mwenye kabati ajue cha kudai. Kuna vitu vitatu: sonda, ambao ni waya wenye ncha ya kuhisi joto, regulateri yenyewe, na rele, inayofungua na kufunga umeme mkubwa wa rezistansi. Sonda iwekwe usawa wa samaki bila kuwagusa, maana samaki baridi ataidanganya. Rele ya kisasa isiyo na mlio inapata moto sana, lazima ifungwe juu ya kipande cha aluminiamu chenye mapezi. Tena rele hiyo ikifa, mara nyingi inakufa ikiwa imefunga, yaani umeme unaendelea kupita na kabati linawaka bila mwisho. Kwa hiyo ile termostati ya zamani isitolewe! Iachwe ndani, ipandishwe hadi 120 hivi, ikate umeme siku ambayo rele imekataa. Na mwili wa kabati ufungwe kwenye waya wa ardhi. Mikono yetu ina maji na chumvi mchana kutwa, na chuma chenye umeme hakiulizi kama una watoto. Fundi akisema waya wa ardhi si lazima, tafuteni fundi mwingine.

Regulateri nyingi zina kitufe cha kujifunza zenyewe kabati lako. Usifanye somo hilo na kabati tupu. Weka samaki, au sinia za maji, ijifunze mzigo wa kweli.

Pamoja na hayo, kisanduku hakijui mambo mengi. Hakijui kama katikati ya samaki pamefika 63. Hakijui kama amekauka. Hakileti moshi, maana rezistansi haina moshi: ni lazima uweke bati lenye vumbi la mbao au vipande vya mti pembeni, vifuke bila kuwaka. Na umeme ukikatika saa tano za usiku na kurudi saa kumi, namba itapanda tena mpaka 80 kana kwamba hakuna kilichotokea, wakati samaki amekaa saa tano katika joto la vuguvugu. Kama alikuwa bado hajaiva, huyo hauzwi. Kwa hiyo hata mwenye kabati la umeme anahitaji mtu anayeamka na daftari.

Na hesabu ya umeme? Rezistansi ya wati 1500 ikifanya kazi nusu ya muda kwa saa 6 inakula kilowati-saa 4 na nusu. Zidisheni kwa bei mnayolipa, gawanyeni kwa samaki waliotoka, mtaona kama faida inabaki. Tangu kituo cha Matebe kianze mwaka 2015 kwenye mto Rutshuru, hesabu hii imekuwa na maana kwa wamama wa Rutshuru, Kiwanja na Goma wenye umeme nyumbani. Kwa anayekausha kwa kuni ni ndoto ya baadaye.

Lakini angalieni tena yale maswali matatu ya chukudu. Hakuna hata moja linalohitaji umeme. Mama mwenye kipimajoto, mlango wa hewa wa kipande cha bati, na saa ya simu anaweza kuwa regulateri. Kila robo saa asome na kuandika. Kama amesoma 55, halafu 68, asingoje 80: joto linapanda nyuzi 13 kwa robo saa na kuni zilizokwisha kushika haziwezi kuambiwa zisiwake. Afunge hewa nusu sasa hivi, avute ukuni mmoja nje. Kama amesoma 72, 73, 72 kwa saa nzima, basi mzigo ni mzito na aongeze ukuni mmoja, si mitatu. Moto wa kuni unajibu kwa kuchelewa, na kosa kubwa tuliloliona ni kuukimbiza: unaongeza, haujibu, unaongeza tena, halafu yote yanajibu kwa pamoja na mafuta ya samaki yanadondokea motoni na kuwaka.

Hayo mafuta yanayowaka ni hatari ya pili, na haionekani. Mafuta yakianguka juu ya moto mkali yanatoa moshi mweusi wenye sumu iitwayo benzopirini, ambayo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Nchi za Ulaya zinakataa samaki wa moshi mwenye zaidi ya mikrogramu 2 za sumu hiyo kwa kilo. Samaki wetu hawaendi Ulaya, wanaliwa na watoto wetu.

Wenzetu wa Afrika Magharibi wamepita njia hii mbele yetu. Huko Ghana, karibu na mwaka 1970, wamama wa kijiji cha Chorkor pembeni mwa Accra walifanya kazi na wataalamu na wakapata tanuru la udongo lenye nyavu za mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine, hata kumi na tano, na zile nyavu zenyewe zinafanya kama bomba la moshi. Joto halipotei, kuni zinapungua, na nyavu zinabadilishana nafasi, ya chini ikipanda juu. Baadaye Senegal, kwenye chuo cha uvuvi cha Thiaroye, wakaenda mbali zaidi: makala yanatoa joto, bati linakinga mafuta yasidondoke, na moshi unatengenezwa pembeni kwa muda mfupi mwishoni. Yaani wametenganisha joto na moshi. Kabati la umeme linafanya vile vile kwa bei kubwa zaidi.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kuhesabu kila ukuni. Vitshumbi imezungukwa na hifadhi ya Virunga, na kuni hazioti uani. Mnajua nani anazifuata, na mnajua anakutana na nini huko: kiboko, mlinzi, mwenye bunduki. Kila ukuni ambao tanuru halikuula bure ni safari ambayo binti hakuifanya. Na moshi wa ndani ya nyumba unaua duniani watu karibu milioni 3 kila mwaka, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, wakiwemo watoto wadogo wengi. Tunaona wamama wanaopindua samaki na mtoto mgongoni. Mtoto abaki na bibi yake, au tanuru lihamie nje chini ya manjanja.

Basi kwa kikundi kilichouliza, ushauri wetu ni huu. Pesa za kwanza ziende kwenye vipimajoto viwili na fundi wa udongo wa kuziba nyufa za tanuru na kuweka mlango wa hewa. Za pili ziende kwenye mizani. Andikeni joto na uzito kwa mizigo kumi. Baada ya hapo, kama kuna umeme na hesabu inakubali, nunueni kabati na regulateri yake, na mtakuwa mmekwisha kujua namba gani za kukiamuru. Anayenunua kisanduku bila kujua kwa nini ni 45 kwanza na 85 baadaye ataandika 120 siku ya kwanza, ili amalize haraka.

Kikundi kingine kitakachotaka kujaribu kipimajoto kwenye maji ya moto kilete sufuria na makala shuleni Jumamosi baada ya saa nane, tutafanya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa sita. Juma lijalo tutazungumza juu ya chumvi: kiasi gani, kabla au baada ya kuosha, na kwa nini chumvi ya jana ndani ya beseni lile lile haifai kwa samaki wa leo.